Maswali na Majibu: Faili Lililogoma Kufutika

Barua nyingi za toleo hili zinalalamikia jambo moja: faili au folda iliyong'ang'ania kwenye kompyuta ya siku nyingi, hasa zile za Windows XP na Windows 7. Kabla ya kujibu moja moja tuna ombi. Windows ikikataa kufuta, andika pembeni ujumbe inaokupa, neno kwa neno. "Access is denied" ni kukataa kwa aina moja na "being used by another person or program" ni kwa aina nyingine, na dawa ya huku haitibu kule. Wengi hukimbilia kupakua programu za kufuta kwa nguvu kabla hawajasoma ujumbe. Faili linabaki pale pale, na programu yenyewe inakuwa imeingia na matangazo yake.

SWALI: Natumia Windows XP. Nilikuwa napakua video ya .avi ikakatika katikati. Sasa kila nikiifuta naambiwa inatumika na programu nyingine, wakati sijafungua programu yoyote. Nimezima na kuwasha mara tatu, hali ni ile ile.

JIBU: Programu inayolishika ipo wazi, ila huihesabu kama programu. Ni Windows Explorer, hiyo hiyo inayokuonyesha folda, aikoni na upau wa chini ya skrini. Ukifungua folda yenye video, Explorer ya XP hulifungua kila faili kimyakimya ili isome urefu wa video na vipimo vya picha. Faharasa ya faili la AVI hukaa mwishoni. Lako limekatika, mwisho haupo, basi Explorer inalipekua tangu mwanzo ikiitafuta, na muda wote huo imelishika. Kuwasha upya hakusaidii kwa sababu ukiingia tu kwenye ile folda, linashikwa tena.

Kwa hiyo lifute wakati Explorer haipo kazini. Funga madirisha yote. Bonyeza Start, kisha Run, andika cmd, bonyeza Enter. Tuseme video iko D:\Video. Kwenye dirisha jeusi la amri andika:

D:
cd \Video

Usilifunge dirisha hilo. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke, nenda kwenye "Processes", chagua explorer.exe kisha "End Process". Aikoni na upau wa chini vitatoweka. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Rudi kwenye dirisha la amri kwa Alt+Tab, andika del, acha nafasi, andika herufi mbili tatu za mwanzo za jina la faili kisha bonyeza kitufe cha Tab. Jina litajikamilisha lenyewe, pamoja na alama za nukuu kama lina nafasi ndani yake. Hakikisha ni lenyewe, bonyeza Enter. Mwisho, kwenye Task Manager chagua "File", "New Task", andika explorer, na kila kitu kitarudi mahali pake.

Kumbuka kwamba del haipeleki kitu kwenye Recycle Bin. Likiondoka limeondoka.

Kama video zako hukwama hivi mara kwa mara, unaweza kuiachisha Explorer tabia hiyo moja kwa moja. Kwenye Run andika:

regsvr32 /u shmedia.dll

Utakachopoteza ni vile vipicha na taarifa za video ndani ya folda. Ukivitaka tena, rudia amri hiyo bila /u.

Sasa, ikiwa hata Explorer ikiwa imezimwa bado unaambiwa faili linatumika, basi mshikaji ni mwingine, na mshikaji hutafutwa kwa jina. Programu nzuri kwa kazi hii ni Process Explorer ya Sysinternals, ambayo Microsoft iliichukua mwaka 2006. Ni ya bure. Matoleo mapya hayafunguki kwenye XP, kwa hiyo utahitaji toleo la zamani. Bonyeza Ctrl+F, andika sehemu ya jina la faili, na utaonyeshwa ni programu gani imelishika. Mwenye Windows 7 hana haja ya kupakua kitu: aandike resmon kwenye Start, aende "CPU", na kwenye sehemu ya "Associated Handles" aandike jina la faili.

Ukishaijua programu, ifunge kwa njia yake ya kawaida. Process Explorer ina amri ya "Close Handle" inayolinyang'anya faili kutoka mikononi mwa programu, nasi tunakusihi usiizoee. Programu haijui kwamba imenyang'anywa. Ile namba iliyokuwa ikiitumia kulifikia faili inaweza kupewa faili lingine, na programu ikaandika data yake humo. Hapo utakuwa umeondoa faili moja bovu na kuharibu moja zima.

SWALI: Nina flashi yenye folda inayoitwa autorun.inf. Ndani yake kuna folda nyingine inaitwa lpt3. Haifutiki kwa njia yoyote. Ni kirusi?

JIBU: Kwa maelezo hayo, karibu hakika si kirusi. Ni kinga. Virusi vya flashi vya enzi za XP vilikuwa vikiandika faili la autorun.inf ili vijiendeshe flashi ikichomekwa. Watengenezaji wa programu za kukinga walibuni ujanja: weka folda yenye jina hilo hilo, kirusi kisipate pa kuandika faili lake. Na ili kirusi kisiifute folda, wakatia ndani jina ambalo Windows haiwezi kuligusa.

Jina hilo ni lpt3, na lina wenzake: CON, PRN, AUX, NUL, COM1 mpaka COM9, LPT1 mpaka LPT9. Haya ni majina ya vifaa: skrini na kibodi, printa, na milango ya nyaya nyuma ya kompyuta. Yalitengwa tangu enzi za MS-DOS ya kwanza, ambayo haikuwa na folda kabisa. Zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 1983. Kwa kuwa kila kitu kilikaa mahali pamoja, jina la kifaa lilifanya kazi popote ulipo. Folda zilipokuja, sheria ile iliachwa ilivyo ili programu za zamani zisikwame. Ndiyo maana mpaka kwenye Windows 7, ukisema "futa lpt3", kompyuta inaelewa unazungumzia printa. Hata ukiongeza kiambishi cha aina ya faili, kama aux.txt, maana haibadiliki.

Njia ni kuipa Windows anwani inayoanza kwa alama zinazoiambia isitafsiri jina. Ikiwa flashi yako ni E:, andika:

rd \\.\E:\autorun.inf\lpt3
attrib -r -s -h E:\autorun.inf
rd E:\autorun.inf

Kama lpt3 ingekuwa faili badala ya folda, mstari wa kwanza ungeanza kwa del. Na kama lpt3 ina vitu ndani, weka /s baada ya rd.

Lakini jiulize kwanza kama unahitaji kuiondoa. Haili nafasi ya maana, na kama flashi hiyo inazunguka kwenye kompyuta nyingi za XP, sisi tungeiacha.

Mambo ni tofauti kabisa ikiwa autorun.inf ni faili, tena limefichwa. Hilo litilie shaka. Lifungue kwa Notepad bila kulibofya mara mbili, usome mstari wa "open=" au "shellexecute=": umetaja programu ambayo nayo imejificha mahali humo humo kwenye flashi. Ondoa vyote viwili.

SWALI: Folda moja nikitaka kuifuta naambiwa haipo, "Could not find this item", na huku naiona kwa macho. Jina lake ni la kawaida tu.

JIBU: Litazame jina hilo mwishoni. Tunaamini kuna nafasi tupu au nukta baada ya herufi ya mwisho. Kwa macho huioni. Fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda mama, andika:

dir /x

Hapo utaona majina mawili kwa kila kitu: refu, na fupi la mtindo wa kale, mfano RIPOTI~1. Windows ikipokea jina refu, hukata nafasi na nukta za mwisho kabla ya kutafuta. Unaiambia "Ripoti " na yenyewe inatafuta "Ripoti", ambayo kweli haipo. Jina fupi halina mkia huo, kwa hiyo mara nyingi hii inatosha:

rd /s RIPOTI~1

Ikiwa safu ya majina mafupi ni tupu, andika anwani nzima ndani ya alama za nukuu, pamoja na ile nafasi ya mwisho:

rd /s "\\?\D:\Kazi\Ripoti "

Tazama vizuri alama hizo. Safari hii ni ya kuuliza, siyo nukta kama kwenye jibu lililopita. Ile ya nukta ingekata nafasi ya mwisho vile vile na ukarudi ulikotoka. Ya kuuliza hulipeleka jina kama lilivyoandikwa. Na anwani lazima ianzie kwenye herufi ya diski. Ukiandika kipande tu, itakataa.

Majina ya namna hii kwa kawaida hutoka kwenye kompyuta za Linux au Mac, ambako yanaruhusiwa, yakahamia kwako kupitia mtandao au faili lililobanwa.

SWALI: Nashindwa kufuta folda yenye folda ndani ya folda, naambiwa jina ni refu mno. Lakini niliziumba mwenyewe kwenye kompyuta hii hii!

JIBU: Kikomo ni herufi 260 kwa anwani nzima, kuanzia C:\ mpaka jina la faili, na moja kati ya hizo ni alama ya kumalizia isiyoonekana, hivyo unabaki na 259. Diski ya NTFS (mpango wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski) yenyewe inaweza kubeba anwani ya herufi zaidi ya 32,000. Anayekwama ni Explorer. Pengine uliziumba zikiwa ndani ya kikomo, kisha ukabadilisha jina la folda ya juu likawa refu zaidi, zote za chini zikasukumwa nje.

Rudi njia uliyojia. Ibadilishe folda ya juu iitwe a, ingia, ibadilishe inayofuata iitwe b, endelea mpaka anwani ipungue. Kisha futa kwa Shift+Delete, maana Recycle Bin nayo ina ubishi wake na anwani ndefu.

Zikiwa mamia, mwenye Windows 7 aumbe folda tupu, tuseme C:\tupu, kisha:

robocopy C:\tupu D:\Ndefu /mir

Amri hii huifanya folda ya pili ifanane na ya kwanza, na kwa kuwa ya kwanza haina kitu, ya pili inabaki tupu. Haiulizi "una hakika?" hata mara moja. Ukikosea ukaandika D:\ peke yake, unajua kitakachotokea. Soma mstari mara mbili kabla ya Enter.

SWALI: Nimechomeka diski ya kompyuta yangu ya zamani kwenye nyingine ya Windows 7. Folda zangu mwenyewe naambiwa sina ruhusa, natakiwa kuomba kwa "S-1-5-21" na namba ndefu. Huyo ni nani?

JIBU: Ni wewe wa zamani. Windows humtambua mtumiaji kwa namba, siyo kwa jina, na akaunti ya kompyuta ile haipo kwenye hii. Namba imebaki bila mwenyewe. Hata ukitumia jina lile lile na nywila ile ile, namba ni nyingine.

Tafuta cmd kwenye Start, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Usiporuka hatua hiyo amri hizi zitafanya kazi, ukiiruka zitakataa:

takeown /f "D:\Zamani" /r /d y
icacls "D:\Zamani" /grant %username%:F /t
rd /s "D:\Zamani"

Ya kwanza inakufanya mmiliki, ya pili inakupa haki zote. Watu wengi huishia ya kwanza wakashangaa bado wanakataliwa. Umiliki ni haki ya kugawa ruhusa. Ruhusa yenyewe bado hujajipa.

Kwenye XP hakuna icacls wala takeown. Tumia cacls, na kumbuka kuweka /e, la sivyo utafuta ruhusa zote zilizokuwepo. XP Home inaficha kabisa ukurasa wa "Security". Utauona tu ukiwasha kwa Safe Mode, hali ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Unaifikia kwa kubonyeza F8 mfululizo kabla ya nembo ya Windows kutokea.

Mpaka mmoja usiuvuke: ujumbe ukisema ruhusa iko kwa "TrustedInstaller", faili hilo ni mali ya Windows yenyewe. Liache.

SWALI: hiberfil.sys imekula zaidi ya GB 2 kwenye diski yangu ndogo. Haifutiki.

JIBU: Haifutwi, huzimwa. Ndimo kompyuta inamoandika kumbukumbu yake inapolala usingizi mzito. Windows 7: fungua dirisha la amri kama hapo juu, andika powercfg -h off, nayo itatoweka yenyewe. XP: Control Panel, "Power Options", ukurasa wa "Hibernate", ondoa alama ya tiki. Jirani yake pagefile.sys usiiguse.

SWALI: Folda ni tupu kabisa, lakini inasema inatumika.

JIBU: Angalia kama una dirisha la amri lililosimama ndani yake. Dirisha likiwa limeingia folda kwa cd, folda hiyo haifutiki mpaka litoke. Hilo ndilo la kwanza kulitazama, hasa baada ya kufuata majibu ya ukurasa huu.

SWALI: Kwenye flashi kumezuka mafaili yenye majina ya alama za ajabu, kila moja linadai lina GB nyingi kuliko flashi yenyewe.

JIBU: Hayo si mafaili. Orodha ya flashi imeharibika, mara nyingi kwa kuchomolewa ikiwa bado inaandika, na Windows inasoma takataka kana kwamba ni majina. Nakili kwanza kila kinachosomeka, kisha irekebishe orodha kwa amri hii:

chkdsk E: /f

Vipande itakavyookota itavitia kwenye folda iliyofichwa ya FOUND.000, kwa majina kama FILE0000.CHK. Ukiridhika huvihitaji, vifute. Baada ya hapo formati flashi, na ikirudia tena ndani ya muda mfupi, acha kuiamini.

Kwa diski ya ndani amri ni ile ile, ila itaomba kufanya kazi wakati wa kuwasha, jibu Y. Diski ya zamani ikianza kutoa mlio wa kugonga, usiipe chkdsk ya aina yoyote. Toa data kwanza. Kupekua diski inayokufa ni kuimalizia.

SWALI: Kuna faili la .exe nisilolijua. Nikilifuta linakataa, nikifanikiwa kulifuta kwa Safe Mode linarudi siku ya pili.

JIBU: Likirudi, yupo anayelirudisha. Andika msconfig kwenye Run, nenda "Startup", panua safu ya "Command" usome anwani nzima za programu zinazoanza na kompyuta. Ondoa tiki kwa ile inayoelekea kwenye faili lako, na kwa yoyote inayoanzia kwenye folda ya "Temp". Kagua pia "Scheduled Tasks", ambayo kwenye Windows 7 inaitwa Task Scheduler.

Kisha kuna hila ndogo ambayo watu wachache wanaitumia. Faili la .exe linaloendeshwa Windows haikuruhusu kulifuta, lakini kwa kawaida inakuruhusu kulibadilisha jina. Lipe jina kama shaka.bak, zima na uwashe. Kile kinacholiita hakitalikuta, halitaamka, na sasa linafutika kama faili lolote. Kubadilisha jina kuna faida nyingine: ukigundua ulikosea na lilikuwa la programu halali, unalirudishia tu jina lake.

Lisipokubali hata hivyo, washa kompyuta kwa mfumo mwingine kabisa. Linux nyepesi kama Puppy huendeshwa kutoka kwenye CD au flashi bila kusakinishwa. Chagua ya biti 32 kama mashine ni ya zamani sana, na uchome CD kama BIOS yake (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) haijui kuwasha kutoka kwenye flashi. Windows ikiwa haijawaka, hakuna faili lake linaloshikiliwa na yeyote. Unafungua diski, unalitafuta, unalifuta. Zima Windows kikamilifu kabla ya hapo, usiilaze kwa "Hibernate". Ikiwa imelala, Linux itakufungulia diski kwa kusoma tu, na usiilazimishe kuandika, kwa sababu Windows ikiamka itaendelea na kumbukumbu ya diski isiyofanana na iliyopo.

Ukishaingia humo na kulifuta, usiwashe Windows mara moja. Nakili kwanza nyaraka na picha zako kwenda diski ya nje, maana mashine iliyokuwa na faili linalojirudisha huenda ina mengine. XP iliacha kupokea masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kama ukiwasha na faili likatokea tena hata baada ya hapo, futa diski yote na usakinishe mfumo upya, ukirudisha nyaraka tu na kuacha .exe zote za zamani.